Utumbo wa Nguruwe Mdogo: Viongezi vya Asili Vinavyosaidia na Visivyosaidia

Somo la mfugaji

Hapa Busia, kuanzia Teso Kaskazini hadi Bunyala, nguruwe ni akiba ya nyumbani. Mfugaji akiwa na jike mmoja aliyezaa vizuri, anajua karo ya muhula ujao itatoka wapi. Lakini akiba hiyo hupotea haraka. Jike hubeba mimba siku 114, anazaa, ananyonyesha vizuri, kisha watoto wanapotengwa naye wanaanza kuhara. Katika wiki moja au mbili, wengine wamekufa na waliobaki wamedumaa.

Siku hizi wafugaji wengi wanauliza kuhusu viongezi vya asili: kitunguu saumu, majani ya mpapai, makaa, siki, maziwa lala na majivu. Wengine wameuziwa chupa zisizo na maelezo yoyote na kuambiwa kwamba zinatibu kila kitu. Somo hili linaeleza utumbo wa nguruwe mdogo unavyofanya kazi, viongezi gani vina msingi wa kuaminika, na vipi havina. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: kiongezi cha asili husaidia utumbo uliokwisha kutunzwa. Hakiwezi kuziba pengo la maji machafu, banda lenye baridi au chakula kilichobadilishwa ghafla.

1. Wiki ya kuachishwa kunyonya ina hatari gani?

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vinyuzi vidogo mno, vilivyosimama kama nyuzi za taulo. Vinyuzi hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula na kukipeleka kwenye damu. Vikiwa virefu na vyenye afya, nguruwe hunufaika na kila kilo ya chakula. Vikiwa vifupi, chakula hupita bila kufyonzwa.

Mtoto wa nguruwe anaponyonya, sukari ya maziwa hugeuzwa na bakteria rafiki kuwa asidi ya laktiki, ile ile inayoleta uchachu wa maziwa lala. Tumbo lake bado halijaweza kutengeneza asidi ya kutosha, kwa hiyo uchachu huo wa maziwa ndio mlinzi wake. Bakteria wabaya, hasa aina za E. koli zinazoleta kuhara, hawapendi mahali penye uchachu.

Siku anapoachishwa, mambo matatu humpata kwa pamoja. Maziwa yanakatika, na uchachu tumboni unapungua. Anachanganywa na wenzake asiowajua na kukosa joto la mama. Na mara nyingi hali chochote siku ya kwanza au ya pili kwa sababu hajui chakula kikavu. Utumbo usiopata chakula hudhoofika: vinyuzi hufupika katika siku chache tu. Kisha njaa inamzidi, anakula kwa pupa, na chakula ambacho hakikumeng'enywa kinakuwa karamu ya bakteria wabaya. Hapo ndipo kuhara kunapoanza.

Ndiyo maana kiongezi chochote kinapaswa kupimwa kwa maswali matatu. Je, kinaongeza uchachu tumboni? Je, kinamfanya mtoto ale mapema na polepole? Je, kinawapa nguvu bakteria rafiki? Kisipofanya hata moja, hakina kazi hapo.

2. Kwa nini tusikimbilie antibiotiki?

Kwa miaka mingi, nchi nyingi ziliweka kiasi kidogo cha antibiotiki katika chakula cha nguruwe kila siku, hata kwa wasio wagonjwa, ili wakue haraka. Tatizo ni kwamba bakteria wanaoonjeshwa dawa kidogo kidogo huizoea. Kisha siku mtu au mnyama anapougua kweli, dawa ile haifanyi kazi tena. Kenya ilizindua sera na mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na mifugo imo katika mpango huo.

Uswidi ilipiga marufuku matumizi hayo ya kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku yake tarehe 1 Januari 2006. Yaliyotokea Uswidi yana funzo kwetu. Mwanzoni, kuhara kwa watoto walioachishwa kuliongezeka. Wafugaji walisogea mbele kwa kubadilisha utunzaji: waliachisha watoto wakiwa wakubwa kidogo, wakaboresha matandiko na usafi, na wakabadilisha chakula. Wengi pia waliegemea zinki oksaidi kwa kipimo kikubwa, lakini nayo Umoja wa Ulaya uliizuia kutumiwa kama dawa ya nguruwe mwaka 2022, kwa sababu madini hayo hujikusanya katika udongo na huchangia usugu. Kilichodumu ni utunzaji.

Hatusemi antibiotiki ni mbaya. Nguruwe mgonjwa anahitaji matibabu. Lakini dawa itolewe na daktari wa mifugo au mhudumu wa mifugo aliyesajiliwa, kwa kipimo kamili na kwa siku zote zilizoagizwa, na muda wa kusubiri kabla ya kuchinja uheshimiwe.

3. Mambo sita ya kufanya kabla ya kununua kiongezi

Kwanza, dang'a. Hakikisha kila mtoto amenyonya maziwa ya kwanza ndani ya saa sita baada ya kuzaliwa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kingamwili za kumlinda. Anazipata katika dang'a, na baada ya takriban siku moja utumbo wake hauwezi tena kuzipitisha. Wasaidie wale wadogo wafike kwenye chuchu.

Pili, madini ya chuma. Maziwa ya nguruwe hayana chuma cha kutosha. Mtoto anayefugwa kwenye sakafu ya saruji anahitaji sindano ya chuma katika siku zake za kwanza, kwa kawaida siku ya tatu. Asiyepata hupauka, huchoka na huugua kwa urahisi.

Tatu, mzoeshe chakula mapema. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 10, weka chakula kidogo, kipya kila siku, mahali mama hafiki. Atachezea zaidi kuliko kula, lakini utumbo wake unajifunza.

Nne, usiharakishe kuachisha. Kwa mfugaji asiye na chakula maalumu cha watoto na banda lenye joto, wiki 6 hadi 8 ni salama kuliko wiki 3 au 4. Siku ya kuachisha, mwondoe mama na uwaache watoto katika banda walilolizoea. Endelea na chakula kile kile kwa wiki moja, kisha badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10.

Tano, joto na ukavu. Mtoto mchanga anahitaji joto la nyuzi 30 hadi 34. Aliyeachishwa karibuni, nyuzi 26 hadi 28. Nyasi kavu za kutosha na kona iliyozibwa upepo zinasaidia kuliko chupa yoyote ya dawa, hasa usiku wa mvua.

Sita, maji safi mchana na usiku. Nguruwe asiyekunywa hali. Osha chombo cha maji kila siku, na kiwe kizito au kifungwe ili asikipindue.

4. Kiongezi cha kwanza: chakula kilichochachushwa

Kati ya mbinu zote za asili, hii ndiyo inayolingana zaidi na mahitaji ya utumbo wa nguruwe mdogo, na gharama yake ni ndogo. Wafugaji wa Denmaki na Uholanzi wameitumia kwa miaka. Kwetu si jambo geni: anayejua kutengeneza uji wa kuchacha ameshajua nusu ya kazi.

Bakteria rafiki hugeuza wanga wa nafaka kuwa asidi ya laktiki. Chakula kinapokuwa kichachu vya kutosha, bakteria wengi wabaya, wakiwemo salmonela, hushindwa kuishi ndani yake. Mtoto anapokila, uchachu alioupoteza pamoja na maziwa unarudi tumboni. Na kwa kuwa chakula ni cha majimaji, ni rahisi kwake kukila siku za mwanzo.

Fuata hatua hizi:

(a) Chukua ndoo ya plastiki iliyooshwa na kukaushwa. Usitumie bati lenye kutu.

(b) Weka kilo 2 za unga wa mahindi, mtama au mchanganyiko wa unga na pumba. Ongeza lita 5 za maji safi na ukoroge.

(c) Ongeza nusu kikombe cha maziwa lala kama chachu ya kuanzia. Ukikosa, nafaka yenyewe ina bakteria wake, ila itachukua muda zaidi.

(d) Funika kwa kitambaa safi ili nzi na panya wasiingie. Acha kivulini kwa saa 24 hadi 48, ukikoroga mara moja au mbili kwa siku.

(e) Nusa. Harufu nzuri ni ya uji uliochacha au maziwa lala. Ikinuka pombe kali au kuoza, au ukiona ukungu, mwaga mbali na nguruwe, osha ndoo na uanze upya.

(f) Unapolisha, bakiza takriban lita 1 ndani ya ndoo kama chachu ya mzunguko unaofuata. Kila wiki, osha ndoo na uanze upya kabisa.

Kuna kosa moja la kuepuka. Usichachushe omena, soya au mchanganyiko wa vitamini na madini pamoja na nafaka. Wakati wa kuchachuka, baadhi ya virutubisho vya protini, hasa laisini, huharibika, na laisini ndiyo nguruwe anayopungukiwa kwanza. Chachusha nafaka peke yake, kisha changanya vyakula vya protini wakati wa kulisha. Anza kwa kutoa robo ya mlo wa siku kwa njia hii, ongeza polepole, na usiache mabaki yakae kwenye chombo cha kulia.

5. Viongezi vingine: ukweli wake

Majani laini. Nguruwe ana utumbo mpana wenye bakteria wanaochachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Majani ya viazi vitamu, yakiwa machanga na kukatwakatwa, ni chanzo kizuri. Kwa watoto walioachishwa, toa kidogo kando ya mlo. Yasichukue nafasi ya chakula chenye nguvu na protini. Wakubwa na majike wenye mimba wanaweza kupewa zaidi.

Kitunguu saumu. Kinapopondwa hutoa kemikali iitwayo alisini, ambayo huzuia bakteria katika maabara. Kwa nguruwe walio bandani, matokeo ya utafiti yamekuwa ya kupishana: mahali pengine walikua vizuri, pengine hapakuwa na tofauti. Harufu yake kali inaweza hata kumfanya mtoto akatae chakula, na kula ndiko unakotafuta. Ukitaka kukijaribu, tumia kidogo, na usikiite tiba.

Mpapai. Utomvu wa papai bichi una vimeng'enya vinavyoharibu ngozi ya minyoo, na majaribio yameonyesha kwamba unaweza kupunguza minyoo mviringo wa nguruwe. Lakini kipimo kikubwa kimeleta kuhara, na mfugaji nyumbani hana njia ya kujua nguvu ya utomvu wa mti wake. Kwa hiyo endelea kutumia dawa ya minyoo uliyoshauriwa na mtaalamu.

Siki. Siki kidogo katika maji ya kunywa huongeza uchachu, na ndiyo kanuni ile ile ya asidi zinazowekwa katika vyakula vya viwandani. Ila maji yakiwa makali, nguruwe hupunguza kunywa, na hasara inazidi faida. Ukiona hawanywi kama kawaida, rudisha maji matupu mara moja.

Makaa. Makaa safi ya kuni yaliyosagwa hunasa baadhi ya sumu tumboni. Hata hivyo, makaa hayachagui: yanaweza kunasa na dawa pia. Usiyatoe siku ambayo nguruwe amepewa dawa ya kumeza, na usiyafanye kuwa chakula cha kila siku.

Majivu na magadi. Hapa wengi hukosea. Majivu na magadi hupunguza asidi. Kwa mtoto ambaye tumbo lake tayari limepungukiwa uchachu, unamwondolea ulinzi aliobaki nao. Usimpe.

Chupa zisizo na lebo. Bidhaa halali huonyesha kilichomo, kipimo, tarehe ya kuisha na mtengenezaji. Neno "asili" peke yake si cheti cha usalama.

6. Visivyoweza kuokolewa na kiongezi chochote

Mahindi yenye ukungu yanaweza kuwa na aflatoksini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika, kuchachusha wala kuongeza saumu. Inaharibu ini, inadumaza, na inapunguza kinga. Usiseme "nguruwe hula chochote".

Soya mbichi ina viini vinavyozuia protini kumeng'enywa. Ikaange au uichemshe kwanza.

Mihogo michungu ina sumu ya sianidi. Kata vipande vyembamba, anika hadi vikauke kabisa, ndipo ulishe. Maganda mabichi usiyatupe mbele ya watoto wa nguruwe.

Makombo ya hoteli na ya sherehe yachemshwe kwa angalau dakika 30, yakikorogwa ili yachemke hadi ndani, kisha yapoe. Kwa hakika, makombo yenye nyama ya nguruwe yasilishwe kabisa.

Nguruwe anayezurura hula vinyesi vya watu na hupata vimelea vya tegu, ambavyo humrudia binadamu. Mfungie nguruwe, na kila boma liwe na choo kinachotumika.

7. Pima mwenyewe kabla ya kuamini

Usikubali sifa za kiongezi kwa kusikia tu. Gawanya uzao mmoja mara mbili, kila kundi liwe na wakubwa na wadogo, majike na madume. Kundi la kwanza lipewe kiongezi, la pili lisipewe. Mengine yote yawe sawa. Kwa siku 14, andika daftarini: chakula kilicholiwa, walioharisha, waliokufa, na uzito wa mwanzo na wa mwisho.

Huna mizani? Tumia futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Mfano: mzunguko 0.60, urefu 0.65. 0.60 × 0.60 × 0.65 × 69.3 = kilo 16 hivi. Kwa wadogo sana ambao unaweza kuwabeba, ndoo na mizani ya dukani vitakupa jibu sahihi zaidi.

Kisha fanya hesabu ya fedha. Tuseme kundi lenye kiongezi limeongeza kilo 20, limekula kilo 40 za chakula cha shilingi 50 kwa kilo, na kiongezi kimegharimu shilingi 300. Gharama ni 2,000 + 300 = shilingi 2,300, yaani shilingi 115 kwa kila kilo iliyoongezeka. Kundi lisilo na kiongezi limeongeza kilo 18 na kula kilo 38: shilingi 1,900, yaani takriban shilingi 106 kwa kilo. Katika mfano huu, waliopewa kiongezi wamekuwa wakubwa zaidi lakini kila kilo waliyoongeza imekugharimu zaidi. Ila kama katika kundi la pili mmoja angekufa, hesabu ingegeuka. Ndiyo sababu vifo na kuhara huandikwa pamoja na uzito.

8. Wakati wa kuacha kiongezi na kupiga simu

Mtoto anayeharisha lakini bado ana nguvu hufa zaidi kwa kukaukiwa maji kuliko kwa bakteria. Mpe maji ya sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Weka na maji matupu kando. Asipopata nafuu kwa siku moja, au akiacha kula, mwite mtaalamu.

Lakini ukiona homa kali, ngozi ya masikio na tumbo kuwa nyekundu au zambarau, kuhara damu, au nguruwe wa rika zote kufa ghafla, hilo si tatizo la lishe. Huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na milipuko ya hapa Kenya. Haumdhuru binadamu, lakini hauna tiba. Hakuna saumu, mpapai wala sindano itakayouponya, na anayekuuzia dawa yake anakudanganya. Usiwauze walio hai kwa haraka, usiwachinje, usihamishe nyama. Kufanya hivyo ndiko kunakopeleka ugonjwa kwa jirani na hadi ng'ambo ya mpaka. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mfugaji atoe taarifa. Mpigie afisa wa mifugo wa wadi au chifu siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini uchachu tumboni hupungua mtoto wa nguruwe anapoachishwa kunyonya?
2. Kwa nini omena haichachushwi pamoja na unga?
3. Jirani anawapa watoto walioachishwa majivu ili kuzuia kuhara. Utamweleza nini?
4. Katika hesabu ya sehemu ya 7, kiongezi kingepaswa kugharimu shilingi ngapi ili makundi yote mawili yawe na gharama sawa kwa kilo?
5. Taja dalili tatu zinazokulazimu kutoa taarifa badala ya kutibu nyumbani.

Jibu la swali la 4: ukitumia shilingi 106 kwa kilo, 106 × 20 = 2,120. Ukiondoa 2,000 za chakula, kiongezi kisizidi takriban shilingi 120. Majibu ya maswali mengine yamo katika somo. Yasomeni pamoja katika kikundi chenu, na palipo na shaka mwulizeni afisa wa mifugo wa wadi yenu.